Plastiki Inayowaka Inapovutwa, na Kazi Yake Bunia

Vitu vingi vinavyobeba maisha ya watu wa Bunia, mji wetu wa Ituri mashariki mwa Kongo, hukatika bila kutoa taarifa. Kamba ya nailoni inayomteremsha mchimba dhahabu shimoni, turubai lililofungwa juu ya familia katika kambi ya Kigonze, bomba la maji lililofukiwa kando ya barabara, mkanda uliokaza magunia juu ya lori linalopanda kutoka Kasenyi: vyote huchoka ndani kwa ndani. Jicho linaona kamba ile ile ya jana. Ikishakatika, ndipo kila mtu anasema ilikuwa imechakaa.

Kwa zaidi ya miaka 25 sasa, wanakemia na wahandisi wa Japani, Uholanzi, Marekani, Uswisi, Korea na China wamekuwa wakitengeneza aina ya plastiki na mpira ambao ukivutwa, ukikandamizwa au ukipindwa hutoa mwanga, au hubadilisha rangi ya mng'ao wake. Hauhitaji betri wala waya, kwa kuwa nguvu inayouelemea ndiyo hiyo hiyo inayouwasha. Magazeti ya sayansi yameusifu kwa mengi: taa zisizohitaji umeme, nguo zinazowaka, ngozi ya bandia ya roboti, madaraja yanayojieleza. Katika mji ambao umeme wake mwingi umetegemea kituo cha zamani cha Budana kwenye mto Shari, kilichojengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, sifa ya kwanza ndiyo inayovuta masikio haraka. Ndiyo pia isiyo na msingi. Thamani ya nyenzo hizi ni taarifa zinazotoa, na mwanga wake haumfai mtu anayetafuta taa. Tukikubali hilo, tutaona kwamba aina inayotufaa huku si ile inayopendwa na wapiga picha wa maabara.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1620, mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliandika katika kitabu chake Novum Organum kwamba sukari ngumu ikikwaruzwa gizani hutoa mwanga. Yeyote mwenye sukari kavu anaweza kuliona hilo nyumbani. Subiri usiku, zima kila taa, kaa gizani dakika kumi mpaka macho yazoee, kisha ponda punje kubwa za sukari juu ya bamba la kioo kwa kitako cha glasi nzito. Chini ya glasi utaona vimweko hafifu vya samawati vinavyotokea na kupotea upesi mno. Sukari iliyoshika unyevu haitoi kitu. Fuwele ya sukari inapopasuka, upande mmoja wa ufa hubaki na chaji chanya na wa pili chaji hasi. Umeme huruka katikati yake kupitia hewani, na naitrojeni ya hewa ndiyo inayong'aa. Ni radi katika ufa usioonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya mwanga huo ni urujuanimno, ndiyo maana tunaona kidogo tu.

Utepe wa gundi, ule tunaouita skochi, hufanya vivyo hivyo unapobanduliwa kutoka kwenye rola gizani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliubandua ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakapata miale ya eksirei yenye nguvu ya kutosha kupiga picha ya mfupa wa kidole. Utepe wa kawaida wa dukani! Hewani hakuna hatari hiyo, lakini tukio lile lilionyesha nguvu kubwa kiasi gani inaweza kujikusanya katika sehemu ndogo pale vitu viwili vinapoachanishwa.

Shida ya sukari ni kwamba inawaka ikiwa tayari imevunjika. Mhandisi anataka mwanga unaokuja mapema, wakati kitu kimeelemewa lakini bado kizima, na anautaka tena kesho na keshokutwa. Hatua kubwa ya kufika huko ilipigwa Japani. Mwaka 1999, Chao-Nan Xu na wenzake walichapisha kazi mbili zilizofungua uwanja huu: moja ilionyesha ramani ya mkazo ndani ya kitu kigumu kwa mwanga wa kitu hicho chenyewe, na nyingine ikaeleza ngozi ya bandia inayohisi mguso kwa kung'aa. Walichanganya unga wa fuwele maalumu na plastiki. Unga mmoja ulikuwa aluminati ya strontiamu yenye chembe za yuropiamu, unaotoa mwanga wa kijani. Mwingine ni salfaidi ya zinki: ikitiwa manganizi hutoa mwanga wa manjano unaoelekea rangi ya chungwa, ikitiwa shaba hutoa kijani.

Fuwele hizi hufanya kazi kwa kutunza elektroni. Zinapoangaziwa au zinapopata nguvu nyingine, elektroni hunyanyuka kutoka mahali pake na kunaswa katika kasoro ndogo za fuwele. Zinaweza kukaa humo muda mrefu. Fuwele ikibanwa, chaji hutokea ndani yake, mtego hulegea, elektroni huponyoka na kuirudia chembe ya yuropiamu, shaba au manganizi, na nguvu iliyobaki hutoka kama mwanga. Aluminati ya strontiamu lazima iangaziwe kwanza. Ukiibana mara nyingi bila kuirudisha kwenye mwanga, hufifia. Salfaidi ya zinki ndani ya mpira wa silikoni ni jambo jingine. Soon Moon Jeong na wenzake wa Korea Kusini waliripoti mwaka 2013 kwamba filamu yao ilivutwa mara takriban 100,000 na bado ikawaka. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya sababu. Wako wanaoshikilia kwamba ni umeme wa ndani ya fuwele yenyewe. Wako wanaoonyesha kwamba msuguano kati ya punje za unga na mpira unaozizunguka ndio unaozalisha chaji, kwa hiyo mpira si mfuko wa kubebea unga tu. Mimi naona hoja ya msuguano ina uzito, kwa sababu unga ule ule hung'aa kwa kiwango tofauti kabisa ukiwekwa katika polima tofauti.

Njia ya pili ni ya kemia zaidi, nayo kwangu ndiyo ya kuvutia kuliko zote, maana humo polima yenyewe ndiyo inayotoa mwanga. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli. Ukiuvuta kwa nguvu, kiungo kimoja hukatika. Hilo lilijulikana tangu zamani kwa mpira wa asili, ambao hulainika unapokandwa na mashine kwa kuwa minyororo yake inakatwakatwa. Mpira huo uliwahi kuvunwa msituni Kongo kwa damu ya watu chini ya Leopold wa Pili, na viwanda vya Ulaya viliukanda hivyo hivyo. Jipya ni kuchagua kiungo kitakachokatika kwanza na kukipa kazi ya kufanya kinapokatika. Mwaka 2012, kundi la Rint Sijbesma huko Eindhoven, Uholanzi, liliweka katikati ya mnyororo pete ndogo ya atomi nne iitwayo dioksetani. Pete hiyo imejaa nguvu. Mnyororo ukivutwa, pete hupasuka, hugawanyika vipande viwili, na kipande kimoja huzaliwa kikiwa na nguvu ya ziada ambayo hukitoka kama mwanga wa samawati. Kila kimweko ni kiungo kimoja kilichokufa. Miaka miwili baadaye, pamoja na Costantino Creton wa Paris, walitumia pete hizo kuangalia mpira mgumu ukichanika, wakaona kwa kamera ni wapi hasa minyororo inakatika mbele ya ncha ya ufa, na lini. Kabla ya hapo, mambo hayo yalikadiriwa kwa hesabu.

Mwanga wa dioksetani hauna marejeo. Pete ikishapasuka imepasuka. Kwa mtafiti ni ushahidi safi kabisa, kwa sababu hakuna kinachowaka ila kilichokatika. Kwa mtu wa kawaida ni tatizo: asiyekuwepo na kamera wakati ule, gizani, hajui kilichotokea.

Njia ya tatu haitoi mwanga kwa nguvu yake. Hubadilisha jinsi plastiki inavyong'aa ikimulikwa. Mwaka 2002, Christoph Weder, aliyekuwa Marekani wakati huo na ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alionyesha pamoja na mwenzake Löwe kwamba rangi fulani ikichanganywa na polithini kwa kiasi kilicho chini ya asilimia 1 hujikusanya katika mafungu madogo. Katika mafungu hayo, molekuli zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno hung'aa kwa rangi moja inayoelekea wekundu. Polithini ikivutwa hadi ilegee moja kwa moja, mafungu yanachanwa, molekuli zinatawanyika, na mng'ao unageuka kuwa wa kijani. Alama hubaki pale pale palipovutwa. Mwaka 2009, watafiti wa Illinois walipata jambo linalofanana kwa molekuli ya spairopirani iliyofungwa ndani ya mnyororo: plastiki isiyo na rangi iligeuka nyekundu mahali ilipokuwa ikiteseka, na macho yaliona bila taa yoyote.

Baharini hali hii ya kuwaka kwa kuguswa ni ya asili. Wavuvi wa pwani yetu ya Kiswahili, toka Lamu hadi Kilwa, wanajua usiku ambao kila pigo la kasia huacha mwanga wa samawati majini. Wanaowaka ni viumbe vya seli moja ambavyo huhisi msukosuko wa maji na kutoa mwanga kwa kemia yao wenyewe. Mwaka 2023, kundi la Shengqiang Cai wa San Diego lilivifungia viumbe hivyo ndani ya jeli ya aljineti, inayotokana na mwani wa kahawia, vikaishi humo na kuwaka kila jeli ilipobonyezwa. Ni kazi nzuri ajabu, ingawa nyenzo inayohitaji kulishwa na kupata mchana na usiku wake bado iko mbali na barabara ya Komanda.

Sasa turudi kwenye hesabu ya taa. Filamu ya Korea niliyoitaja, ikivutwa kwa kasi na mashine bila kupumzika, ilifikia mng'ao wa takriban kandela 120 kwa mita ya mraba. Kioo cha simu ya kawaida hutoa mara kadhaa ya huo, na mtu hahitaji kukivuta. Kundi hilo hilo lilionyesha mwaka 2014 kwamba upepo unaopeperusha nyuzi za silikoni unaweza kuziwasha kwa mwanga mweupe, na picha zake zikasambaa duniani kama ahadi ya taa za upepo. Ukifuata nguvu inakopotelea, ahadi hiyo inaanguka: sehemu kubwa inaishia kuwa joto ndani ya mpira, na kiasi kidogo sana kinatoka kama mwanga. Paneli ndogo ya sola, ambayo tayari imejaa kwenye mabati ya mitaa ya Mudzipela na Yambi Yaya, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko upepo wowote na silikoni yoyote. Akitokea mtu anayeuza plastiki ya kuwaka kwa kuvutwa kama taa ya nyumbani, msomaji asitoe hata franka moja.

Hoja nyingine inayokuja upesi ni ya madini. Kwetu Kongo ina uchungu wake, na naielewa. Angalia viungo vya unga unaong'aa. Zinki: mgodi wa Kipushi, kilomita zipatazo 30 kutoka Lubumbashi, ulianza mwaka 1924, ukasimama 1993, ukafunguliwa tena 2024, na ni miongoni mwa akiba za zinki zenye kiwango cha juu kabisa duniani. Madini yake ya zinki ni salfaidi, kiwanja kile kile cha unga wa maabara, na jiwe la asili la salfaidi ya zinki wakati mwingine huwaka likikwaruzwa kwa msumari. Shaba: Katanga nzima. Manganizi: Kisenge, karibu na mpaka wa Angola, ambako usafirishaji ulikwama pale vita vya Angola vilipoifunga reli ya Benguela mwaka 1975. Mwaka 2017 kundi la Xu lilitangaza fuwele nyingine inayowaka kwa mkazo mdogo sana, niobati ya lithiamu yenye praseodimiamu. Lithiamu iko Manono. Niobiamu imo ndani ya koltani, ile inayochimbwa Kivu na hata hapa Ituri, upande wa Mambasa. Jirani zetu wa Burundi wana madini adimu ya Gakara, na Watanzania wana Ngualla. Ukiiweka ramani mezani, unaona kwamba karibu kila kiungo kimo kati ya Tanganyika, Katanga na misitu yetu.

Na bado hoja ya utajiri haisimami. Unga huu hutumika kwa gramu, wala hauhitaji malori. Kinacholipwa ni usafi wake. Salfaidi ya zinki ya mgodini imejaa chuma, risasi, kadimiamu na vingine, na kiasi kidogo mno cha chuma kinatosha kuua mwanga wote. Ili unga ung'ae, zinki lazima isafishwe hadi uchafu uhesabiwe kwa sehemu za milioni, kisha iokwe pamoja na kipimo maalumu cha shaba kwenye tanuri la nyuzi joto zinazokaribia 1,000 bila hewa ya kuiharibu. Umbali kati ya jiwe la Kipushi na kijiko cha unga unaong'aa ni tanuri, mizani, maji safi, umeme usiokatika na watu waliosoma. Hapo ndipo pa kulilia. Kuuza jiwe jingine ghafi kwa sababu limetajwa katika makala ya sayansi hakutaongeza hata darasa moja la kemia mjini Bunia.

Kwa hiyo kazi yake huku ni nini? Naanza na pale inapofaulu kweli. Japani, kundi la Xu lilipaka rangi yenye unga huo kwenye madaraja na kuona mstari wa ufa uking'aa gari lilipopita juu, mahali ambapo mkaguzi hangeona kitu. Faida ni kubwa: ufa unaonekana ukiwa bado mdogo, na unajulikana kama bado unakua au umetulia. Mwaka 2015, watafiti wa China wakiwa na Caofeng Pan walitengeneza karatasi laini inayosoma saini ya mtu kwa mgandamizo wa kalamu. Mwaka 2019, kundi la Guosong Hong wa Stanford liliwasha chembe za salfaidi ya zinki ndani ya mishipa ya damu ya panya kwa mawimbi ya ultrasaundi, mwanga ukafika kwenye ubongo bila kupasua fuvu. Mwaka 2022, Xiaogang Liu na wenzake wa Singapore walitengeneza kinga ya meno inayosoma jinsi mtu anavyouma, ili asiyeweza kutumia mikono aongoze kiti cha magurudumu au simu kwa taya.

Habari ya kinga ya meno inanirudisha Ituri kwa njia isiyo ya mbali. Vita vilivyoanza mwaka 1999 na mashambulizi yaliyofuata mpaka sasa vimeacha watu wengi waliokatwa mguu au mkono. Mguu wa bandia unaoumiza unaachwa kona ya nyumba. Mara nyingi unaumiza kwa sababu ganda linalopokea kigutu linabana sehemu moja kuliko nyingine, na fundi hujua kwa kumuuliza mgonjwa na kuangalia ngozi ilipokuwa nyekundu. Soksi ya silikoni yenye unga wa salfaidi ya zinki ndani ya ganda la plastiki angavu, la kuonea upande wa pili, ingemwonyesha fundi ni wapi panabana kila hatua, katika chumba chenye giza na kwa kamera ya simu. Sijaiona ikifanywa hapa. Lakini kila kipande chake kipo tayari katika maabara za wengine, wala hakuna sehemu yake inayohitaji mashine ya bei ya daraja.

Kwa kamba, maturubai na madaraja yetu nina shaka na mwanga wenyewe. Kimweko kinadumu chini ya sekunde. Kinahitaji giza na mtu anayetazama. Daraja la barabara ya taifa RN27 linaelemewa mchana, lori linapopita, na usiku barabara hiyo haina mkaguzi. Kwa miaka mingi hata msafiri wa mchana ameipita kwa hofu. Nyenzo inayomweka bila shahidi ni sawa na ile isiyomweka. Kinachotufaa ni nyenzo yenye kumbukumbu: iliyovutwa kupita kiasi Jumatatu, iseme hivyo Ijumaa.

Spairopirani ya Illinois inaonekana ndiyo jibu, kwa kuwa wekundu wake huonwa na jicho tupu. Tatizo ni jua. Mwanga wa kawaida huirudisha molekuli hiyo katika hali yake ya mwanzo, na Bunia iko chini ya nyuzi mbili kaskazini mwa ikweta, juu ya mwinuko wa takriban mita 1,275, mahali ambapo jua la saa saba mchana halimsamehe mtu. Alama ingefutika kabla ya mkaguzi kufika. Unga wa fuwele nao una adui zake. Aluminati ya strontiamu huharibiwa na maji, na salfaidi ya zinki isiyokingwa huwa nyeusi ikikutana na unyevu na urujuanimno kwa pamoja. Silikoni na epoksi zinaukinga, kwa gharama.

Inabaki njia ya Weder, nami naamini inastahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Turubai la misaada linalofunika vibanda vya Kigonze, lile jeupe la mita 4 kwa 5, ni kitambaa cha nyuzi za polithini kilichopakwa polithini laini pande zote mbili. Rangi ya Weder ilifanyiwa majaribio ndani ya polithini. Sogelea turubai lililokaa misimu miwili ya mvua. Linachanika kutoka kwenye tundu la kamba na kwenye ncha ya mti linapokunjwa. Pale plastiki hubadilika kuwa nyeupe ya maziwa, nyuzi hujitokeza, na upepo wa kwanza wa mvua kubwa humaliza kazi. Tabaka la juu likiwa na rangi hiyo, sehemu iliyoanza kulegea ingeng'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno kabla jicho halijaona weupe.

Taa hiyo tayari imo mjini. Bunia inaendesha biashara yake kwa dola kama kwa franka, na dukani au benki utaona kitaa kidogo cha urujuanimno cha kukagulia noti. Noti halisi ya dola 100 ina uzi unaong'aa waridi, ya 20 uzi wa kijani. Kitaa hicho hicho, kinachomlinda mfanyabiashara dhidi ya noti bandia, kingesoma turubai, mkanda wa lori au kipande cha kamba. Msimamizi wa kambi angepita jioni na kuweka alama kwenye mahema ya kubadilishwa kabla ya Septemba na Oktoba, miezi ya mvua nzito, badala ya kusubiri watoto walale majini ndipo orodha iandikwe.

Kuna vizuizi vya kweli. Nyuzi za ndani za turubai zilishavutwa sana kiwandani, kwa hiyo rangi ingetawanyika hata kabla ya kutumika. Ingebidi iwekwe katika tabaka la nje au katika utepe wa kubandika kando ya tundu la kamba. Rangi nyingi za aina hiyo hufifia juani, na utepe unaofifia ungeweza kumdanganya msomaji kwamba kila kitu ni salama. Kila utepe ungehitaji kona iliyofunikwa isiyovutwa, ya kulinganishia. Kuvutwa kidogo kidogo kwa miaka, bila kulegea, huenda kusiache alama. Na kuna kizuizi kikubwa kuliko vyote ambacho hakimo katika kemia: alama haisimamishi lori. Mkanda ukionyesha umezidiwa na mwenye mzigo akasema tuendelee, nyenzo imemaliza kazi yake na binadamu ameshindwa yake. Shimoni ni vibaya zaidi, kwa kuwa anayeshuka kwa kamba mara nyingi si mwenye kamba, na mwenye kamba hupoteza akiitupa. Utepe unaoonyesha wazi ungempa mchimbaji hoja ya kukataa kushuka mbele ya wenzake. Hilo si dogo, lakini si sheria.

Sioni sababu ya kusubiri kiwanda cha mbali kiamue kututengenezea. Jaribio la kwanza ni la bei ambayo idara moja inaweza kuimudu: unga wa salfaidi ya zinki wenye shaba huuzwa na wauzaji wa kemikali kwa matumizi ya rangi za kung'aa, na silikoni ya kumimina hutumiwa na mafundi wa meno. Changanya, mimina katika bamba jembamba, acha lishikane, zima taa, vuta. Filamu inawaka mkononi, na mwanafunzi anaona kwa macho yake mahali mkazo unapokusanyika kwenye tundu, kwenye kona kali na kwenye mkato. Somo hilo la mkazo hufundishwa sasa kwa chaki tupu. Akipunguza ukali wa kona kwa mkasi na kuvuta tena, ataona mwanga ukihama. Nimefundishwa na vitabu vizuri, lakini sijui ukurasa unaoweza kuonyesha hivyo. Hatua ya pili, ya kujaribu tepe za polithini zenye rangi juu ya mapaa yetu na kupima zinadumu siku ngapi juani, haiwezi kufanywa vizuri Fribourg wala Eindhoven. Jua hilo na mvua hiyo viko hapa, na data ya kudumu kwa nyenzo hizi katika ikweta ndiyo inayopungua duniani.

Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom na chuo cha ualimu cha ISP Bunia vina walimu wa kemia na fizikia, na vina wanafunzi ambao wazazi wao wanalala chini ya maturubai hayo. Wakuu wa idara hizo wakutane, waweke fedha ya unga na silikoni katika bajeti ya mwaka ujao, na waombe mashirika yanayogawa maturubai mita chache za kufanyia majaribio kabla ya mvua za Septemba.